Mji wa Kifamilia kwa Familia ya Nani?

Kila ifikapo Novemba, simu yangu hujaa swali moja. Linatoka kwa rafiki wa kazini, kwa jirani wa ploti, kwa mtu niliyesoma naye ambaye mwaka mzima hajanijulia hali. "Wewe si mtu wa Malindi? Hebu tuambie, kati ya Kilifi, Watamu na Malindi, wapi ni pa kifamilia? Tunaleta watoto." Kisha masharti yanafuata kama risiti ya supamaketi: pawe na bwawa la kuogelea, pawe na ukuta, pawe na bufe, ufuo uwe "msafi", na wale vijana wa kuuza vikuku wasikaribie.

Kwa miaka nimejibu kwa adabu. Nataja hoteli, naongeza kipicha cha mnazi, maisha yanaendelea. Mwaka huu nimegoma, na nitawaambia sababu.

Desemba iliyopita nilikuwa ufuoni na watoto watano. Wawili ni wangu, wamezaliwa Nairobi, Kiswahili chao ni cha South B. Watatu ni wa kaka yangu, wanaishi Maweni, Malindi, na bahari wameijua kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Tulikuwa tukitembea mchangani kutoka upande wa mjini, tukafika mbele ya hoteli moja ambayo sitaitaja. Hapo kulikuwa na kamba. Kamba ya nailoni ya buluu, imefungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, kutoka ukuta wa hoteli hadi karibu na maji. Watoto wakaivuka bila hata kuiona.

Askari akaja mbio, rungu mkononi. Alikuwa kijana wa huko huko kwetu, nilimjua kwa lafudhi. "Nyinyi! Rudini huko!" Akawashika bega watoto wa kaka yangu, mmoja baada ya mwingine, wote watatu. Wangu hakuwagusa. Wangu walikuwa na kofia za jua na viatu vya raba, na yule mdogo alikuwa amevaa boya la flamingo kiunoni.

"Kaka, hawa wote ni wangu," nikamwambia.

Akaniangalia mimi, akawaangalia wao. "Samahani, mama. Hawa wawili hawana shida. Hawa wengine nilidhani ni wa hapa."

Wa hapa. Hilo ndilo lilikuwa kosa lao.

Sina ugomvi na askari yule. Analipwa kuwatofautisha watoto, na siku ile aliwatofautisha kwa sekunde tatu. Ugomvi wangu ni na swali linalomlipa mshahara, lile swali la Novemba. Tunaposema "pa kifamilia", wengi wetu tunamaanisha mahali ambapo familia za watu wengine hazionekani. Mwenye hoteli anatusikia vizuri kabisa. Anatuletea ukuta, geti, kamba na askari, kisha anatutoza pesa za vyote vinne. Na watoto wetu wanarudi Nairobi wakiwa wamekaa siku tano kwenye bwawa lenye klorini, mita hamsini kutoka Bahari ya Hindi. Sasa manze, bwawa liko hata Ruaka. Mmesafiri usiku kucha kufuata nini?

Turudi kwenye ile kamba, kwa sababu kuna kitu nilikiona baadaye, hasira ilipopungua. Nyuma yetu, karibu na ukuta, kulikuwa na mstari wa mwani mkavu. Kila mtoto wa pwani anaujua: ni alama ambayo maji huacha yanapojaa na kurudi. Kamba yote, kuanzia kijiti cha pili, ilikuwa chini ya mstari huo. Yaani usiku uliotangulia samaki walikuwa wakipita pale pale ambapo mchana mtoto wa Maweni aliambiwa asipite.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 62, inaorodhesha ardhi ya umma. Ndani ya orodha hiyo imo ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye vitanda vya kuotea jua ana haki zaidi. Mchanga ule ni wa mpwa wangu kama ulivyo wa mgeni aliyelipa chumba chenye mandhari ya bahari. Ni wako pia, wewe unayesoma haya ndani ya matatu pale Mbagathi.

Shida ni kwamba katiba imekupa mchanga, haikukupa kichochoro cha kuufikia. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na vijia vya kushukia baharini, vijia ambavyo havikuwa na jina wala kibao. Kimoja sasa ni geti. Kingine ni maegesho ya magari. Cha tatu kipo bado, lakini kimebanwa na kuta mbili ndefu mpaka mtu anakipita mbio kama anayeogopa kukabwa. Wavuvi wameumia kuliko sote, maana mvuvi asiyeweza kufika mahali anapoegesha mtumbwi wake hana kazi. Ufuo haukuuzwa. Uliachwa pale pale, kisha ukazingirwa.

Na ukishazingirwa, kinachofuata ni mazoea. Mwaka wa kwanza watu wanalalamika. Mwaka wa tano wanazunguka mbali. Mwaka wa kumi watoto wanaozaliwa wanadhani kamba ilikuwepo tangu enzi za Wareno. Nyinyi wa Nairobi mnaijua hadithi hii vizuri kuliko mnavyodhani. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akakataa, akatukanwa na wanasiasa, na mnara haukujengwa. Mwaka 1999 akapigwa na kujeruhiwa akipanda miti Karura. Leo tunakimbia Karura Jumamosi asubuhi na kupiga selfi kana kwamba msitu ulijilinda wenyewe. Ulilindwa na watu waliong'ang'ania kuingia. Ufuo nao unalindwa hivyo hivyo, na watu wanaoutumia. Kwa hiyo unapochagua mahali pa kupeleka watoto likizo, unasaidia mojawapo ya mambo mawili: kamba ibaki, au kamba itoke.

Ndiyo maana nina kipimo changu cha mji wa kifamilia, na hakihusiani na idadi ya nyota mlangoni. Nenda ufuoni Jumapili, saa kumi na moja jioni. Angalia ni nani yuko majini. Ukiona watoto wa mji huo, wakiwa na mama zao, nyanya zao na mpira wa makaratasi, umefika. Ukiona wageni peke yao, hapo si mjini, ni ndani ya uwanja wa mtu.

Tupime basi.

Kilifi ni mji mzuri, na vijana wa Nairobi wameupenda mpaka umeanza kuwaiga. Una mkondo mpana wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu, na daraja lililofunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri. Juu ya mkondo kuna magofu ya Mnarani, msikiti wa kale katikati ya mibuyu, mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia na kujifunza kwa wakati mmoja. Ufuo wa Bofa ni mrefu na mweupe. Lakini Barabara ya Bofa inakimbia sambamba na bahari huku kati yako na maji kukiwa na ploti baada ya ploti, ua baada ya ua. Pa kupenyea papo, na Jumapili watoto wa mjini wanapenya. Wafuate hao. Ukikaa Kilifi wiki nzima bila kujua watoto wa mji wanashukia wapi, umekaa kwenye nyumba ya kukodi, Kilifi hujaiona.

Watamu ndiyo inayoshinda kwenye picha. Hifadhi ya bahari ya Watamu, pamoja na ile ya Malindi, ilianzishwa mwaka 1968, na zote mbili ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Maji ni kama kioo, na yanapokupwa mtoto anaweza kutembea mchangani hadi kwenye vile visiwa vidogo vya mawe. Karibu hapo kuna Gede, mji wa kale ulioachwa karne nyingi zilizopita na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, na ndani yake mradi wa Kipepeo, ambao tangu mwaka 1993 umewapa wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kipato kwa kufuga vipepeo. Sina neno baya juu ya hayo. Ila sehemu kubwa ya mbele ya bahari ni hoteli na majumba, mlango kwa mlango, na kijiji kiko nyuma yake. Maji yakipwa, wavulana wa kijiji hushuka na kucheza mpira kwenye mchanga mgumu. Mwanao akiomba kucheza nao, mwache acheze. Ukimwita arudi kwenye kitanda cha kuotea jua, bila kusema neno lolote utakuwa umemfundisha jambo ambalo itakuchukua miaka kulifuta.

Halafu Malindi. Hapa ndipo wengi wenu mnakunja pua. "Maji ni ya kahawia. Mji umechoka. Ni wa wazee wa Kiitaliano."

Tuanze na maji. Kaskazini kidogo ya mji, Mto Sabaki unaingia baharini. Sabaki huko juu unaitwa Galana, na juu zaidi unaitwa Athi, na ndani ya Athi unaingia Mto Nairobi. Mvua zikinyesha bara, udongo wa mashamba na takataka za mitaro zinasafiri hadi kwetu, na upepo wa kaskazi unausukuma mto kusini mpaka kwenye ghuba ya Malindi. Mnalalamikia nini? Ule ni udongo wenu. Umetangulia kuja likizo, bila nauli, na haukuomba chumba chenye bwawa. Mkitaka maji yaliyotakata zaidi, shukeni kusini, Silversand na kuelekea Casuarina, iliko hifadhi ya bahari. Lakini mtoto wa miaka mitano hajali rangi ya maji. Anajali kama kuna wimbi, na kama kuna mwenzake wa kulirukia pamoja.

Na wenzake wako hapa. Malindi ni mji kwanza, halafu ndipo ni kituo cha watalii, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Ulikuwa mji mwaka 1415 ulipopeleka twiga hadi Uchina. Ulikuwa mji mwaka 1498 Vasco da Gama alipokuja kuomba rubani wa kumvusha hadi India. Jumapili jioni mji mzima unashuka baharini: wanawake wa buibui wanakaa mchangani na chupa za chai, wavulana wanapiga sarakasi, na kuna mwenye viazi vya karai, mwenye mabuyu, mwenye madafu. Siku ya Idi hutapata pa kutandika leso. Mtoto wako akiwa na shilingi ishirini mkononi, ana la kufanya. Muulize atafanya nini na shilingi ishirini ndani ya risoti.

Kaskazini zaidi, Ngomeni, mwonyesheni kituo cha roketi cha Waitaliano kilichoko baharini. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa angani. Mtoto akilisikia hilo akiwa amesimama kwenye mchanga wa pwani ya kwao, hatalisahau.

Najua mtakachosema. Usalama.

Sawa, tuuzungumzie kwa ukweli. Hatari ya kwanza baharini ni bahari yenyewe, na ukuta hauizuii. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika hamsini kila siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama tunaita bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na pale mikondo inapotokea kwenda bahari kuu, kama Kilifi na Mida, maji yanayotoka humvuta mtu mzima, sembuse mtoto. Usiogelee hapo maji yakitoka. Kusi ikivuma, kati ya Aprili na Septemba, mawimbi ni makubwa na mwani ni mwingi. Kaskazi ina bahari tulivu zaidi. Vaa viatu vya raba kwenye mawe. Haya yote sikuyasoma kwenye kibao cha hoteli. Niliambiwa na wavuvi, na wewe ukiwasalimia watakuambia. Yaani watu wale wale ambao kamba imewekwa kuwaondoa ndio wanaojua jinsi ya kumrudisha mtoto wako akiwa hai.

Nakubali pia kwamba ufuo wa umma una shida zake. Vyoo ni vya kubahatisha. Maji baridi ya kusuuza chumvi huyaoni. Mwokoaji aliyepewa mafunzo ni nadra, kwa hiyo ni lazima wewe mzazi uweke simu chini na kuangalia. Na ndiyo, vijana wa vikuku na vinyago wanasumbua. Wanasumbua kwa sababu mchanga ndio duka pekee lisilo na kodi ya pango. Mwambie "asante, ndugu yangu, leo sinunui", kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu, uone kama hataenda zake. Lakini jibu la shida hizi si kulipa ili tusizione. Kaunti ya Kilifi ina Malindi, Watamu na Kilifi zote tatu chini ya paa moja. Wazazi wakijaa ufuoni, wakidai vyoo, bomba la maji, waokoaji na vijia vyenye vibao, kutakuwa na wa kujibu. Wazazi wakijaa kwenye mabwawa, atakayedai ni nani?

Kuna usalama mwingine ambao hatupendi kuutaja. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti kuhusu watoto wanaodhulumiwa kingono katika biashara ya utalii pwani. Malindi na Kilifi zilikuwa ndani yake. Wateja hawakuwa wazungu peke yao. Wakenya walikuwa wengi pia, watu waliokuja likizo kama sisi. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kuta zinawakinga watoto dhidi ya mji. Ripoti ile ilionyesha kinyume, kwamba ni watoto wa mji waliohitaji kukingwa dhidi ya wageni. Mahali peupe, penye mama zao, wavuvi na macho mia mbili, ndipo mtoto yeyote huwa salama zaidi. Kichochoro kilichobanwa na kuta mbili ndefu hakina macho hata mawili.

Basi hili ndilo jibu langu, na msinipigie simu tena. Njooni Malindi. Pandeni treni hadi Mombasa, kisha matatu. Ni kama kilomita 120 kutoka hapo. Mkiwa na siku za ziada, lala usiku mmoja Kilifi njiani, na siku moja muende Watamu na Gede. Laleni ndani ya mji, mahali ambapo asubuhi mtasikia adhana, na mtoto anaweza kutumwa kununua mahamri na mbaazi. Kama pesa zenu ni za hoteli ya ufuoni, sawa, sikatazi mtu raha yake. Ila kabla ya kulipa, ulizeni swali moja mapokezi: watoto wa hapa wanapitia wapi kwenda baharini? Wakikuonyesha njia, lipa. Wakikuambia "usijali, hawaingii huku", ujue pesa zako zinanunua kamba.

Siku ile sikugombana na askari. Niliwakusanya watoto wote watano, tukasogea mpaka kwenye ule mstari wa mwani mkavu, nikawaonyesha. Nikawaambia maji hufika hapa. Kutoka hapa kwenda kule chini ni kwa kila mtu, na anayewafukuza amekosea, hata akiwa na sare, na hata mkimwamkia kwa heshima kama inavyotakiwa. Mpwa wangu mkubwa, ana miaka tisa, akauliza, "Hata mimi?"

Nikamwambia hata wewe. Akaushika mwani, akaunusa, akawaita wenzake. Wakashuka chini ya mstari, upande ule ule wa kamba walikofukuzwa, wakaanza kuchimba shimo. Askari alikuwa amesimama kivulini akituangalia. Hakuja tena.